Ukichanganya simenti kwenye mchanga wa nyuma ya ukuta, msukumo unaenda wapi?

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu kwamba mchanga uliochanganywa na simenti unapunguza msukumo kwenye ukuta wa kuzuia udongo. Sikutakiwa kuliacha jambo zito fupi vile, maana barua zilizokuja ni nyingi na baadhi zimenitia wasiwasi kweli, kuna watu wameshaanza kupunguza nondo. Basi leo safu nzima ni hilo hilo. Nimechagua barua tano, nimezifupisha bila kugusa maana.

Shikamoo injinia. Mi ni fundi, tunajenga ukuta wa mita 3 kwenda juu na nyuma tunajaza mchanga. Bosi kasema tukichanganya simenti asilimia tano kwenye huo mchanga unakuwa kama jiwe, hausukumi tena, kwa hiyo ukuta tupunguze unene na matundu ya kutolea maji tusihangaike nayo. Roho yangu inasita. Nani yuko sahihi? – Fundi Rajabu

Marahaba fundi, na hongera kwa kusita, hapo hapo unaposita ndo penyewe. Bosi wako ana ukweli kwenye maneno yake ila ameuchukua ukweli unaohusu mchanga akaupeleka mpaka kwenye maji, na maji hayana habari na simenti yako.

Tuanze na mchanga mtupu. Chembe zake hazijashikana, kinachozuia zisiporomoke ni kusuguana tu, ndo maana ukimwaga toroli ya mchanga mkavu unapata kirundo chenye mteremko wake na huwezi kukisimamisha wima hata ukibembeleza vipi. Sasa ukijenga ukuta ukajaza mchanga nyuma, ile sehemu ambayo ingeporomoka mpaka ifikie mteremko wake inaegemea ukuta, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo inavyoegemea kwa nguvu zaidi kwa sababu uzito uliolala juu yake unaongezeka.

Hesabu ya ukuta wako ni hii. Tuseme mchanga ulioshindiliwa una kilonewtoni 18 kwa kila mita ya ujazo na pembe ya msuguano, yaani kipimo cha kusuguana kwa chembe zake, ni nyuzi 30. Kwa nyuzi 30, ukuta ukiweza kusogea mbele kidogo, msukumo wa pembeni ni theluthi moja ya uzito wa wima. Kule chini kabisa kwenye mita 3 uzito ni kilopaskali 54, yaani kilonewtoni 54 kwa kila mita ya mraba, theluthi yake 18, na juu kabisa ni sifuri, kwa hiyo unapata pembetatu ambayo jumla yake ni kilonewtoni 27 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, yaani karibu tani 2 na robo tatu. Niliposema kusogea kidogo ni kidogo kweli, kwa mchanga ulioshindiliwa vizuri ni kama sehemu moja ya elfu ya kimo cha ukuta, kwako milimita 3. Ukuta usioweza kusogea kabisa, kama ule wa chumba cha chini ya ardhi ulioshikwa na sakafu juu na chini, unapokea nusu badala ya theluthi na zile 27 zinakuwa 40 na kidogo.

Sasa weka simenti. Ikikutana na maji inatengeneza gundi ya mawe pale chembe zinapogusana, vidaraja vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, na kuanzia hapo mchanga una kitu kingine zaidi ya msuguano, una mshikamano. Pembe ya msuguano haibadiliki sana, kinachoruka ni huo mshikamano. Mfaransa Charles-Augustin Coulomb, injinia wa jeshi, aliviweka vyote viwili kwenye hesabu yake ya kuta iliyochapishwa 1776, kwa hiyo sio jambo geni. Chukua mshikamano wa kilopaskali 30, ambao kwa simenti asilimia tano iliyochanganywa sawasawa ni kiasi cha chini. Fomula inasema kwenye kila kina toa mara mbili ya mshikamano uliozidishwa na kipeuo cha pili cha ile theluthi, unatoa karibu 35. Lakini kule chini kabisa tulikuwa na 18 tu! Yaani jibu ni hasi ukuta mzima, na ukiendelea na hesabu hiyo hiyo unaambiwa mchanga huo ungeweza kusimama wima wenyewe zaidi ya mita 11 bila ukuta wowote. Hapo ndo bosi wako alipopata maneno yake.

Ila hasi hiyo isikudanganye. Udongo hauvuti ukuta, unachofanya ni kuachana nao. Tabaka lenye simenti linapokauka linasinyaa kidogo, linapasuka nyufa za wima na linaacha upenyo mwembamba kati yake na ukuta, mwembamba hata kadi ya simu haipiti, na mvua ikinyesha upenyo huo unajaa. Maji yaliyojaa mita 3 yanasukuma kwa kilonewtoni 44 kwa kila mita ya ukuta. Rudi juu ulinganishe, mchanga mtupu mkavu ulikuwa 27. Na maji hayajali upenyo ni wa milimita 2 au wa mita 2, yanasukuma kwa kimo chake na sio kwa upana wake. Kwa hiyo ukiweka simenti ukaziba matundu umeondoa tani 2 na robo tatu ukaleta tani 4 na nusu, na ukuta umeshaupunguza unene.

Matundu yabaki, na nyuma yake weka tabaka la kokoto lenye kitambaa cha kuchujia au bomba la matundu kule chini. Tena kwa mchanga wenye simenti yanahitajika kuliko kwa mchanga mtupu, kwa sababu gundi imeziba sehemu ya njia ambazo maji yangeshukia yenyewe. Unene wa ukuta usiguse mpaka aliyeuchora apige hesabu upya akiwa na matokeo ya maabara ya mchanga wenu mkononi.

Dada injinia, niko mwaka wa mwisho wa uhandisi ujenzi. Kwenye projekti yangu napima msukumo wa pembeni wa mchanga wenye simenti asilimia 3 ndani ya pete ya chuma isiyoruhusu sampuli itanuke. Kitabu kinasema uwiano wa msukumo wa pembeni kwa uzito wa wima, udongo ukiwa umetulia, ni moja kutoa saini (sine) ya pembe ya msuguano. Pembe yangu ni nyuzi 33 kwa hiyo nilitegemea kama 0.46. Nimepata 0.2 mwanzoni, nikizidi kupakia inapanda, mwisho inakaribia 0.4. Msimamizi wangu anasema nirudie. Nimekosea wapi? – Neema

Neema mdogo wangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, maana ulichokiona kwenye pete yako ndo tabia yenyewe ya mchanga wenye simenti, na wengi wanamaliza chuo bila kuiona.

Fomula uliyoitumia ni ya József Jáky wa Hungaria, ya 1944, na ni nzuri mno, lakini ni ya mchanga ambao haujawahi kugundishwa na unaopakiwa kwa mara ya kwanza. Kwenye mchanga wa aina hiyo chembe zinajipanga upya kila unapoongeza mzigo, zinateleza, zinataka kutoka pembeni, pete inazizuia na ndo unasoma msukumo. Wako umegundishwa. Mwanzoni unapopakia vidaraja vya simenti viko vizima, chembe haziendi popote, sampuli inabonyea kama kipande cha jiwe laini na kutanuka kwake pembeni ni kudogo sana, kwa hiyo pete inasukumwa kidogo. Msukumo hapo hautawaliwi na msuguano tena bali na ile tabia ya kitu kigumu kutanuka pembeni kinapobonyezwa, na kwa vitu vya aina hii uwiano kati ya 0.18 na 0.33 ni wa kawaida tu. 0.2 yako imekaa humo.

Halafu ukapandisha mzigo ukafika mahali vidaraja vikaanza kukatika. Sio vyote kwa mpigo, vinakatika vile dhaifu kwanza, na kila kinachokatika kinaachia chembe zake zirudi kuwa mchanga wa kawaida unaotaka kuteleza pembeni, ndo maana namba inapanda taratibu kuielekea ile ya Jáky. Usichore uwiano peke yake. Chora msukumo wa pembeni dhidi ya mzigo wa wima, utaona mstari umelala, halafu unapinda na kusimama zaidi, na pale unapopinda ndo nguvu ya gundi yako ilipoishia. Kwangu mimi hiyo kona ina thamani kuliko namba yoyote nyingine kwenye projekti yako, maana inasema ni mzigo gani unaogeuza jiwe lako kuwa mchanga tena.

Msimamizi wako hata hivyo mheshimu, rudia mara moja, na nakwambia sababu. Kama sampuli uliitengeneza kwenye kalibu nyingine ndo ukaihamishia kwenye pete, au ilisinyaa ilipokuwa inakomaa, kuna upenyo kati yake na chuma. Mchanga mtupu ungeuziba upenyo huo mara moja, wenye simenti hautanuki vya kutosha kuuziba, kwa hiyo mwanzoni pete itasoma kidogo kwa sababu haijaguswa. Utapata 0.2 ya uongo inayofanana kabisa na 0.2 ya kweli. Shindilia mpya moja kwa moja ndani ya pete, acha ikomae humo humo bila kukauka, halafu linganisha.

Na ukipata muda fanya kitu kimoja zaidi, acha sampuli nyingine igande ikiwa tayari imepakiwa. Tuseme umepakia kilopaskali 100 kabla simenti haijashika, mchanga bado ni mchanga, pembeni unapata kama 45. Simenti inashika na zile 45 zinafungiwa humo ndani. Baadaye unaongeza 200 juu, nyongeza hiyo inaenda kwa uwiano wa 0.2, pembeni zinaongezeka 40, jumla 85 kwa mzigo wa 300. Sampuli iliyoganda bila mzigo ingekuwa na 60 tu kwa mzigo huo huo wa 300, na mchanga usio na simenti ungekuwa na 135. Mchanga ule ule, simenti ile ile asilimia 3, majibu mawili tofauti, tofauti yake ni lini mzigo ulikuja. Ndo maana mtu akiniuliza mchanga wenye simenti unasukuma kiasi gani lazima kwanza nimuulize ulipitia nini ulipokuwa bado haujashika.

Na hili linatoka nje ya maabara. Ukuta uliojaziwa tabaka dogo leo, lingine kesho kutwa, unakuta tabaka la chini limeshashika kabla uzito wa juu haujafika, msukumo unakuwa mdogo. Ukijaza kimo chote kwa siku moja tabaka la chini linaganda likiwa limebeba kila kitu, na ule msukumo wa mchanga mtupu unabaki umefungiwa pale. Kwa hiyo ukuta lazima uweze kubeba mchanga mbichi wa siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo gundi bado haipo.

Habari za kazi. Nasimamia saiti, tumeambiwa tujaze mchanga wenye simenti nyuma ya kuta. Simenti asilimia ngapi inatosha na tuangalie nini? Kila mtu ana namba yake. – Msimamizi

Nzuri ndugu yangu. Kila mtu ana namba yake kwa sababu kila mtu ana mchanga wake. Mchanga wenye chembe za saizi mchanganyiko, kubwa, za kati na ndogo, unafungamana vizuri na unahitaji simenti kidogo kwa sababu chembe zinagusana sehemu nyingi na kila mguso ni mahali pa daraja. Mchanga wa saizi moja, ule unaomiminika kama mtama, una nafasi nyingi tupu katikati na unakula simenti. Asilimia 3 mpaka 7 kwa uzito wa mchanga mkavu ndo eneo ambalo wengi wanaanzia majaribio. Mita moja ya ujazo ya mchanga ulioshindiliwa ina kama kilo 1,700, kwa hiyo asilimia tano ni kilo 85. Tengenezeni sampuli za asilimia tatu tofauti, mzivunje baada ya siku 7 na siku 28, ndo mchague.

Kitu ambacho watu hawakiamini mpaka wakione ni kwamba kushindilia kuna nguvu karibu sawa na simenti yenyewe. Mchanga wa asilimia 3 ulioshindiliwa sawasawa unaweza kuushinda wa asilimia 5 uliomwagwa tu, kwa sababu nafasi tupu ikipungua vidaraja vinaongezeka bila kuongeza hata kijiko cha simenti. Tabaka za sentimita 15 mpaka 20, unyevu ule uliopimwa maabara, na kuanzia maji yanapogusa simenti mpaka kushindilia kuishe visizidi kama saa mbili. Mkichelewa mkaja kushindilia wakati simenti imeshaanza kushika mnavunja vidaraja vyenu wenyewe, na vikivunjika havirudi. Halafu funikeni na mmwagilie siku 7.

Kuchanganya ndo kunakoharibu kazi nyingi kimya kimya. Kuna dawa inaitwa fenofthalini, haina rangi, ukiinyunyizia kwenye ukingo wa shimo ulilochimba kwenye tabaka bichi, penye simenti panageuka waridi iliyokoza na pasipo na simenti hapabadiliki. Nimeshaona ukingo wa mita moja una waridi juu, mstari mweupe wa sentimita 10 katikati, halafu waridi tena. Kwenye karatasi ile kazi ilikuwa ya asilimia 5, na kwa wastani pengine ilifika, lakini ule mstari mweupe ni mchanga mtupu na ndipo kila kitu kitakapotelezea. Kipimo kingine hakina gharama kabisa, chukua bonge lililokomaa siku 7 uliweke kwenye ndoo ya maji ulale, asubuhi ukikuta bonge limebaki bonge na kingo zake ni kali basi gundi ipo, ukikuta kirundo cha mchanga na maji machafu basi ulichokuwa nacho ni unyevu tu uliokuwa unashika chembe kwa muda, kama ule mchanga wa ufukweni ambao watoto wanajengea vijumba.

Mchanga wenye udongo mweusi wa juu, mizizi na majani yaliyooza, ukataeni, tindikali zake zinazuia simenti kushika. Na chumvi za salfeti, iwe kwenye mchanga au kwenye maji ya ardhini, zinanipa hofu zaidi kwenye mada hii kuliko kwingine, kwa sababu zinaungana na simenti zinatengeneza fuwele za etringaiti zinazovimba. Mmeweka simenti ili kupunguza msukumo, mnaishia na kitu kinachovimba nyuma ya ukuta mwaka hadi mwaka. Pimeni salfeti kabla.

La mwisho kwako ni rola. Nikiwa bado mgeni kazini nilisimama na kipimio mbele ya ukuta mpya, rola nzito inapita nyuma kama nusu mita tu kutoka kwenye ukuta, nikasoma ukuta umesogea milimita 6. Rola ikaondoka, nikasubiri urudi, haukurudi, ilibaki kama 5. Kesho yake simenti ikashika na ule msukumo wa rola ukafungiwa ndani. Nilimwambia mkandarasi, akasema milimita hazionekani kwa macho. Mita 2 za karibu na ukuta shindilieni kwa mashine ndogo ya kusukumwa kwa mkono.

Hujambo. Sisi tatizo letu liko mbele ya ukuta, sio nyuma. Tunachimba na mguu wa ukuta unategemea udongo wa mbele kuuzuia usiteleze. Tukiutia simenti huo mchanga wa mbele tunapata faida? – Mama Zawadi

Sijambo mama. Faida ipo na ni kubwa, kwa sababu upande huo mambo yanageuka, udongo ndo unaosukumwa na ukuta na unakataa. Kwa nyuzi 30 mchanga mtupu unaweza kukataa kwa mara tatu ya uzito wake wa wima badala ya theluthi, na mshikamano unajumlishwa pale badala ya kutolewa. Kilopaskali zile zile 30 zinaongeza karibu 104 kwa kila kina, hata pale juu kabisa ambapo mchanga mtupu hauna nguvu yoyote.

Ila kuna mtego. Mchanga mtupu kufikia upinzani wake wote unahitaji kusogezwa sana, sentimita kadhaa kwa kila mita ya kimo. Wenye simenti unafika kileleni mapema mno, mbonyeo usiofika hata asilimia moja, halafu unakatika na nguvu inashuka. Ukiwa na sehemu zenye simenti na sehemu zisizo nayo zikiwa bega kwa bega, zenye simenti zinabeba kila kitu mwanzoni, zinavunjika, ndo zile nyingine zinaanza kuamka. Usijumlishe kilele cha huyu na kilele cha yule, havitokei kwa wakati mmoja. Na usihesabu tabaka la juu ambalo kesho mtu wa mabomba atakuja kulichimba mtaro.

Ikiwa mahali penu pana matetemeko, simenti inafanya jambo lingine la maana, inauzuia mchanga uliojaa maji usigeuke uji wakati wa kutikiswa, maana mchanga uliogeuka uji unasukuma ukuta kama kimiminika kizito karibu mara mbili ya maji. Kule Kobe, Japani, tetemeko la 1995 lilizisogeza kuta za gati kwenda baharini zaidi ya mita moja, lakini hoteli iliyokuwa inajengwa kwenye gati hilo ilisalimika, kwa sababu ardhi ya chini yake ilikuwa imezungushiwa kuta za udongo uliochanganywa na simenti humo humo ardhini, zimepangwa kama vyumba, na mchanga ulionaswa ndani ya vyumba hivyo haukugeuka uji.

Mwanangu, ukuta wangu wa mita 2 na nusu umeanza kuinama kwa mbele baada ya mvua, nyuma ni mchanga. Kijana mmoja anataka kutoboa na kupampu uji wa simenti nyuma ili mchanga ugande. Nimruhusu? – Mzee Omari

Shikamoo baba. Kwa leo usimruhusu, na nakuomba sana kwa hilo.

Uji wa simenti kabla haujaganda ni kimiminika kizito kuliko maji, kwa mara moja na nusu au zaidi, na anataka kuuingiza kwa pampu, yaani kwa nguvu, nyuma ya ukuta ambao umeshaanza kushindwa. Siku ya kazi ndo siku ukuta utakayosukumwa kuliko siku zote za maisha yake. Halafu mchanga wako ukiwa laini simenti ya kawaida haiingii, punje zake ni kubwa kuliko vijinjia vya kati ya chembe, kwa hiyo uji unatafuta njia rahisi, unapasua mchanga au unatambaa kwenye upenyo wa nyuma ya ukuta, na huko ukiganda unaziba hata kile kinjia kidogo ambacho maji yalikuwa yanatokea. Kuna simenti ya kusagwa laini sana inayoingia, na kuna watu wa kazi hiyo wanaopima presha kila dakika, lakini wao pia wataanza na kuutegemeza ukuta.

Umesema uliinama baada ya mvua, kwa hiyo wa kwanza kumwondoa ni maji. Angalia matundu ya chini kama yanatoa maji au yamezibwa na mchanga na matope, yaliyozibwa yazibuliwe kwa nondo nyembamba taratibu, mtu akisimama pembeni ya ukuta na sio mbele yake. Juu, maji ya paa na ya uwanja yageuzwe yasiingie nyuma. Kama kuna marundo ya kokoto au gari linaegeshwa pale juu karibu na ukingo, viondoke leo. Baada ya hapo ndo injinia aje achague, pengine kuchimba mchanga wa nyuma kwa vipande vifupi, kurudisha kila kipande kikiwa na simenti na kokoto za kupitishia maji, kipande kimoja kikishika ndo unafungua kingine. Hapo simenti itakusaidia kweli, kwa sababu itashika ikiwa haijabeba kitu.

Wakati unamsubiri, ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka juu ya ukuta mpaka karibu na chini, piga alama kwa misumari miwili, na kila asubuhi pima kwa rula umbali kati ya uzi na ukuta uandike na tarehe. Namba ikikaa pale pale siku kumi, una muda wa kupanga. Ikiongezeka hata milimita 2 kati ya asubuhi na asubuhi, hamisha watu wote walio mbele ya ukuta siku hiyo hiyo na umpigie injinia aje na magogo ya kuutegemeza.